Abiria Watashushwa Kabla ya Deki

Nyumba ya pili nyuma ya karakana,
Ghorofa ya chini.
Jumatano, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu, na hao watoto wanaokua wakimjua shangazi yao kwa sauti ya simu tu. Hamjambo? Mgongo wako umetulia, au bado unabeba maboksi kama vile wewe ni kijana wa miaka ishirini? Sisi huku kwa upande wa mwili hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Juzi alimgombeza fundi bomba mpaka fundi akaondoka na kuacha spana yake.

Ya mwili ndiyo hayo. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenisikia nikilia, ungeanza kunibembeleza, na habari yenyewe isingefika.

Unakumbuka tuliomba zabuni ya usafi wa hospitali ya serikali, tukanyimwa, wakapewa wale wenzetu wa mtaa wa juu. Siku nilipokuambia nimekata rufaa nilikuwa moto kwelikweli. Nilisema kamati ya tathmini imeoza, imeshapanga mtu wake tangu mwanzo, nawe ukanipa moyo nisikubali kuonewa. Nisamehe, ndugu yangu. Ulimpa moyo mtu ambaye hakuwa ameonewa na yeyote.

Rufaa ilisikilizwa wiki iliyopita, katika chumba kidogo chenye meza ndefu na feni inayolia. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Aliniuliza kama najua kwa nini tulipata alama chache. Nikamjibu kwa kiburi kwamba sababu anaijua yeye. Hakukasirika. Alivaa miwani, akafungua maelezo yetu ya kazi, akasoma sentensi moja taratibu:

"Katika wodi ya watoto, abiria wote watashushwa kabla ya kazi ya kupiga deki kuanza."

Walicheka mpaka karani akatoka nje. Maelezo yale nilikuwa nimeyachukua kwenye zabuni yetu ya stendi ya mabasi. Palipoandikwa stendi nikaweka hospitali, palipoandikwa mabasi nikaweka wodi, nikaona nimemaliza kazi. Abiria nikawasahau. Kwenye chumba cha upasuaji nimeahidi kuokota tiketi na maganda ya machungwa chini ya viti.

Unajua kwa nini sikurudia kuyasoma? Kwa sababu niliamini hakuna anayesoma. Nilikuwa nikisema mbele za watu kwamba makaratasi ya zabuni ni ya kujaza kabati, kazi inatolewa kwa kujuana. Kumbe kamati ilisoma kila ukurasa, mpaka makosa ya herufi yamezungushiwa penseli. Ambaye hakusoma ni mimi mwenyewe niliyeyaandika. Sasa nikipita kwenye geti la hospitali walinzi wananiita Mama Abiria, nami naitika, nifanyeje?

Kama mambo yangeishia kwenye kicheko, ningeona haya zangu kimyakimya na nisingekusumbua. Yamemfika Shemeji.

Unajua mume wa Dada Mkubwa yuko ofisi ya ununuzi hapo hospitalini. Alipoona jina la kampuni yetu kwenye bahasha ya zabuni, aliwaambia wenzake kuwa sisi ni ndugu, akajitoa kwenye kamati. Ndivyo sheria inavyotaka. Mimi, kwa hasira na ujinga, niliandika kwenye rufaa kwamba shemeji yangu anayeijua kazi yetu ameondolewa makusudi ili ninyimwe. Nilidhani nimewabana. Wao wakaelewa kingine kabisa, kwamba huyu mama alikuwa anamtegemea shemeji yake mle ndani, na hakuna anayetegemea hivyo bila kuahidiwa kitu. Shemeji amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

Juzi nilikwenda kwao. Nilimkuta anapiga pasi mashati yake ya kazini, moja baada ya jingine, na kuyatundika mlangoni. Dada Mkubwa alinivutia kiti, akaingia chumbani, hakutoka tena. Afadhali angenitukana.

Kuna jambo ambalo hata Dada hajui. Kabla sijapeleka bahasha, nilimfuata Shemeji sebuleni kwake akiwa peke yake, nikamwomba atutupie jicho. Nilisema kwa utani, ule utani wa mashemeji ambao ukikubaliwa unageuka kuwa kweli. Hakucheka. Aliniambia, "Shemeji, hata bei yako usinitajie. Wewe lete kazi safi, mimi nitakaa pembeni." Nikaondoka nimenuna, namwona ana maringo.

Maneno hayo ndiyo yanayoweza kumtoa, na aliyeyasikia ni mimi tu. Yeye hajayasema kwa mtu. Akisema alinikatalia, atakuwa amesema kwamba nilimwomba. Mimi nimemchongea, naye ananisitiri. Nikilifikiria hilo uso unaniwaka, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Nikiyasema, kampuni itafungiwa zabuni zote za serikali. Kwenye usajili jina lako liko chini ya langu, kwa hiyo tutafungiwa sote wawili, na wewe kosa lako ni kuniamini tu. Najua ulivyokuwa ukipanga kurudi tuendeshe kazi pamoja. Tutabaki na usafi wa ngazi za majengo ya watu na maduka mawili matatu, ambao haumtoshi hata mmoja wetu. Nimeliandika hili mara tatu na kulifuta, kwa sababu hakuna namna nzuri ya kumwambia mtu kwamba umemharibia.

Msalimie sana wifi yangu, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, bado hajui lolote. Dada Mkubwa naye ningekuletea salamu zake, lakini hajanituma.

Kesho asubuhi nimeitwa kwenye uchunguzi, na nitasema yote, kuanzia pale sebuleni. Ukiipata barua hii nitakuwa nimeshasema. Sikukuomba ruhusa, na nakusihi usidhani ni dharau. Ningekuomba ungenionea huruma, na huruma yako ningeitumia kunyamaza.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo wa kunikasirikia kadiri ninavyostahili, kisha aupoze.

Dada yako akupendaye, ambaye leo anaona haya kuandika hivyo.