Kibendera cha Orrin

Jumamosi, 9 Februari
Nimeegesha gari-nyumba langu pale pale pa mwaka jana, mwisho wa njia ya mchanga, huku jangwani hifadhini. Upepo hakuna. Raha! Majirani mara hii ni wawili tu: Lupe, muuguzi mstaafu, na mzee mmoja wa Minnesota, Orrin, mwenye baiskeli ya kijani anayoipangusa kutwa. Lupe alitaka kumsaidia kuifunga nyuma ya gari. Mzee akaruka. “Kamba hapana, mama! Kamba inakula rangi!” Lupe akamwambia basi akailaze kitandani, aifunike shuka. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia.

Lupe kaleta sheria, eti kwa kuwa kila mtu yuko peke yake. Jua likichomoza, toa kibendera mlangoni. Likizama, kiingize. Kisipotoka asubuhi, tunakuja kugonga. Nikamwambia mimi si meli. Lakini nimekubali — kitambaa changu chekundu cha jikoni.

Jumapili, 10 Februari
Maili kumi na Orrin kwenye mto mkavu. Mchanga laini, tairi zinazama. Alinionyesha kupunguza upepo kidogo, baiskeli ikateleza vizuri. Kondoo wa milimani watatu juu ya mwamba, wanatutazama tu. Orrin haongei sana. Anapiga mluzi, vibaya mno.

Tulikula maharage na tortilla, vile vichapati vya mahindi, mlangoni kwake. Nilifurahi. Sijasema hivyo tangu mume wangu Walt afe — basi, nimesema.

Jumanne, 12 Februari
Nina hasira. Nimeamka, tairi zangu zote mbili zimepunguzwa upepo. Orrin, bila kuuliza! Eti hakutaka nihangaike. “Leo nakupeleka kwenye mitende, jirani. Kuna maji kule juu.” Nikamjibu kwamba aliyekuwa ananiamulia nimeshamzika.

Akasema, “Haya.” Baada ya chakula cha mchana akaenda peke yake.

Nimeshinda nikipampu, mkono wote unauma. Mkono wenyewe mnyonge, lakini nimezijaza mpaka zimekuwa ngumu kama jiwe. Kibendera nimekiingiza mapema, pazia nimefunga kabla ya jua kuzama. Nisimwone akirudi.

Jumatano, 13 Februari, alfajiri
Kibendera cha Orrin kiko nje tayari! Hata jua halijatoka. Mzee kanishinda. Naenda kuzunguka upande wa mashariki. Nikirudi nitampelekea mkate wa mahindi, tuyamalize.

Jumatano, saa tano asubuhi
Nimerudi, goti linauma kwa baiskeli, nimeoka. Kwake kimya. Lupe akaja kuuliza kama nimemwona Orrin. Nikasema kaamka zamani, kibendera kilikuwa nje kabla ya jua.

“Ulimwona akikitoa?”

Kilikuwa cha jana! Hakuna aliyekiingiza.

Tukagonga, tukafungua. Kitanda kimetandikwa. Birika baridi. Baiskeli haipo. Usiku kucha yuko huko nje, na baridi ile — na mimi nimekiona kibendera nikafurahi. Hasira hasara. Nilifunga pazia kwa ajili ya upepo wa tairi mbili.

Lupe ameendesha kwenda mahali penye mtandao, awaite askari wa hifadhi. Nilitaka kwenda mwenyewe kwa baiskeli. “Na goti hilo? Tuje tuokote wawili? Kaa hapa, shoga. Akirudi kwa njia nyingine akukute.”

Jumatano, saa nane mchana
Askari wawili walipita saa sita, wamemchukua Lupe kwa kuwa ni muuguzi. Wanasema alama za tairi za Orrin zipo mchangani. Za kwenda tu.

Nimekaa kwenye kiti chake. Mkate umepoa. Kule juu kuna maji, najiambia. Kuna kivuli. Mtu mwenye akili hukaa penye maji. Ningeenda naye, ningekuwa nimeshachoka na mluzi wake. Nautamani. Kibendera sijakigusa.

Vumbi! Ni gari lao. Linashuka polepole mno. Kwa nini polepole? Jua limepiga kioo, siwezi kuhesabu vichwa. Baiskeli ya kijani naiona, iko nyuma — wameifunga kwa kamba. Madirisha yako wazi. Naandika nimesimama, masikio yote kule. Gomba, Orrin. Rangi yako inaliwa, gomba —