Kasuku Haanguki Usingizini

Kwa Kasereka, mdogo wangu, Bulengera, Butembo.

Nakusalimu. Salamu ni haki ya ndugu, na haki hiyo sitakunyima. Mama anaendeleaje na magoti yake? Je, mvua imeubomoa tena ukuta wa jikoni? Mimi ni mzima. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi, na mbele utaelewa.

Watu husema Beni na Butembo ni majirani, lakini siku hizi safari ya barabara ile huombewa Misa. Ndiyo maana tangu nilipoitwa kufundisha huku Bungulu sijarudi nyumbani. Nimepewa chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki mnyama wala ndege. Kwa hiyo kasuku nilikuachia wewe. Unajua kwamba huyo hakuwa ndege wa mapambo. Tangu Masika, mke wangu, alipofariki, sauti yake ilibaki katika koo la ndege huyo tu. Hatuna kanda, wala simu iliyoihifadhi. Kila nilipotoka shambani na kufika mlangoni, kasuku alisema kwa sauti ya Masika, "Mwalimu, viatu inje," nami nilivivua.

Kisha ukanipigia simu. "Yaya, kaka yangu, pole sana. Ndege ilisinzia ku fito, ikaanguka, ikavunjika shingo. Tulishaizika mu migomba."

Nilikushukuru kwa kumzika. Lakini nilipokwisha kukata simu, maneno yako yalikataa kunitulia moyoni. Mimi ndiye niliyekufundisha darasa la sita, na wewe ndiye uliyechora mguu wa ndege ubaoni. Kuku na shomoro wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na hicho cha nyuma hukutana na vya mbele kama gumba linavyokutana na vidole vingine mtu ashikapo mpini wa jembe. Kasuku na kigogota wana viwili mbele na viwili nyuma. Kwa hiyo kigogota husimama kwenye shina lililo wima asiteleze, na kasuku hupanda kama mtu mwenye koleo kila mkono. Tena ndege akaapo na kukunja miguu, kano ipitayo nyuma ya mguu huvutwa, na vidole vikajifunga vyenyewe. Hajishikilii kwa bidii. Uzito wake ndio umfungao. Kadiri anavyolala ndivyo anavyoshika. Ndege mwenye afya haanguki kwa kusinzia, Kasereka, na hilo ulilijibu vizuri katika mtihani.

Hata hivyo nilikutetea. Nilijiambia kwamba labda alikuwa mgonjwa, nawe hukujua.

Juma lililopita nilikwenda kununua misumari kwenye depo ya Bwana Ramazani, mfanyabiashara wa hapa ambaye malori yake huenda Butembo. Kwenye wavu wa dirisha kulikuwa na kasuku akipanda. Alitanguliza mdomo, akafuatisha mguu wa kushoto, kisha akauburuta wa kulia, kwa maana mguu huo umepungukiwa kidole kimoja cha nyuma. Unakumbuka mtego wa panya jikoni kwetu. Nilisimama kizingitini. Ndege akanitazama kwa jicho moja, akasema, "Mwalimu, viatu inje."

Nilivivua.

Wapakiaji wakacheka. "Muzee, hapa hapana musikiti. Ingia tu na viatu."

Bwana Ramazani akaniletea kiti, nami nikamwuliza ndege huyo amempata wapi.

"Butembo, muzee. Kwa mutu moya wa Bulengera, Kasereka. Ilikuwa ya kaka yake, mwalimu, lakini ule kaka alikufa huku Beni. Alisema ni ugonjwa ya maini. Mimi nilimupatia hata pole."

"Kaka huyo ni mimi."

Mpakiaji mmoja akatua gunia. "Patron, uko nasema na mufu. Umuulize kama kule juu banapakia pia saruji."

Wote walicheka isipokuwa Bwana Ramazani. Na mimi nilielewa ulivyofanya hesabu yako. Kwa desturi yetu, ndugu aliyebaki ndiye aachiwaye vitu vya marehemu, na hakuna aulizaye zaidi. Ndege wa kaka aliye hai ungeulizwa umemtoa wapi. Kwa ndege wa kaka aliyekufa ulipewa bei pamoja na mkono wa pole.

Nilitaka kumnunua tena. Mwenye depo akatikisa kichwa. "Hapana, muzee. Mimi nilinunua kitu ya mufu. Ya muzima sikununua. Ule aliyekuzika akuje hapa, aseme mbele ya hawa batu kama uko muzima. Siku ile utaenda na ndege yako, bure."

Kasereka, kama ungekiri kwamba umemuuza kwa shida, ningekukaripia, kisha ningekula ugali kwako. Lakini ulinitafutia hata ugonjwa. Ulikaa mahali fulani ukachagua kati ya homa na maini. Baada ya hapo ulinipigia simu mara ngapi, ukiniuliza kama nimekula?

Basi uje. Uvuke kizingiti cha depo ile, usimame mbele ya wapakiaji, useme jina langu na kwamba ninaishi. Usitume mtu, wala usiseme kwa simu. Lakini barabara ikiwa mbaya, baki nyumbani, nami nitangoja. Sitaki ufe kweli kwa sababu ya kifo changu cha uongo. Kila jioni hupita pale, nikavua viatu, nikasimama kidogo. Juzi kasuku aliiga honi ya lori kabla ya kusema maneno ya Masika. Ana walimu wapya sasa. Usikawie.

Mwambie mama habari hii kwa kinywa chako, kabla hajapewa pole sokoni. Shemeji yangu, mama wa watoto wako, umsalimie. Simhesabu katika jambo hili. Shangazi yetu aliyenilea, umwambie nakula vizuri. Watoto uwabusu, na wakiuliza habari za baba yao mkubwa, uwajibu ukweli.

Ni mimi, kaka yako, ambaye hukumzika,
Mumbere
Bungulu, Beni