Dawa Ulizomtumia Papa

Kamembe, Rusizi

Dada yangu Mwavita,

Sisi tupo, ila nyumba imenyamaza tangu tumzike Papa. Mvua haikatiki, na cherehani yake nimeifunika.

Kwenye simu nilisema tu kwamba mafua yalimshukia kifuani, maana Maman alikuwa karibu. Sasa nakuandikia yote kwa barua pepe. Kila alipopiga chafya, Papa alimeza antibiotiki ulizomtumia kutoka Ubelgiji. "Mutoto wangu hanisahau," aliwaambia majirani. Akaanza kuharisha, halafu yakaja mafua yaliyomwangusha.

Daktari alituambia mimi na Papa kwamba dawa hizo haziui virusi vya mafua. Huenda ziliua bakteria wazuri wa tumboni, ambao huusaidia mwili kujikinga, hata mapafuni. Papa alisikia, akanishika mkono.

"Mudathiru, usimuambie dada yako. Alizituma na mapendo."

Ningemtii. Lakini binti yangu Ikirezi ameamka na mafua, na Maman anataka kumpa zilizobaki. Nikikataa analia, anasema nadharau zawadi yako. Mimi hanisikii kabisa. Ukimaliza kusoma, mpigie wewe, umwambie azitupe.

Unisamehe, dada.

Mdogo wako,
Mudathiru