Nani Aliyekutilia Kidole?

Xiaobei, Guangzhou, 12 Mei 2025

Shifa, mke mwenzangu usiye na haya,

Tangu Idi hujakanyaga kwangu! Huko Shahe umeota mizizi? U mzima? Mimi mzima, nimenuna tu. Anaandika Mwadini, mpangaji wangu, na nimemkataza kulainisha neno.

Nasikia kwa wauza nguo umepasuliwa tumbo, na mimi nipo vituo vichache tu vya treni! Tena Melania ndiye aliyekaa nawe, anakulisha uji. Melania! Mgeni wa juzi, niliyemwonyesha mimi mchele unauzwa wapi! Ndiye aliyekutilia kidole cha ridhaa kwa daktari? Yeye ndiye bibi sasa?

Bibi yako,
Mwanakhamis

Shahe, 14 Mei 2025

Bibi, shikamoo. Nimepona, kovu linawasha tu. Magoti yako je?

Hakuna aliyenitilia kidole. Tangu mke wa Baba anifukuze nalala stoo za mizigo, leo hii, kesho ile. Siku hiyo daktari alisema tumboni mna usaha, nipasuliwe haraka, ila akataka mzazi aridhie. Nikampigia Baba. Akasema nimsubiri arudi kutoka safari yake ya Yiwu.

Nikamwambia daktari: nina miaka kumi na saba, sina kwetu, najilisha kwa kufunga marobota. Akaenda kuuliza wakubwa wake. Akarudi akasema sheria ya hapa, aliyetimiza kumi na sita na anaishi kwa jasho lake, anajikubalia mwenyewe. Wakaleta wino mwekundu, nikatia kidole changu, kama unavyotia wewe.

Sikukuita kwa sababu ungesema, "Msikilize baba yako." Hujawahi kusema jingine. Jumamosi narudi kutazamwa kidonda. Nakwenda peke yangu.

Mjukuu wako,
Shifa

Xiaobei, 15 Mei 2025

Mke mwenzangu,

Kidonda hakijambo? Changu umekitonesha. Mwadini alinisomea, nikamwambia rudia, akarudia, nikamfukuza jikoni.

Kisha nikampigia huyo mwanangu. Niliyomwambia, Mwadini hayaandiki.

Jumamosi tunakwenda wote. Usiogope, kidole changu nitakifumbata. Utakalolikubali wewe ndilo. Mimi nitakaa tu kwenye kiti cha msindikizaji, Melania asikikalie.

Lakini uji! Huo bado unanichoma. Wangu wa pilipili manga uliuacha bakulini siku ya Idi, wake ukaumaliza?

Kesho Ijumaa, wakitoka kuswali, njoo na begi lako lote. Kitanda cha dirishani ni chako. Ila pitia kwanza kwa Melania akujazie chupa ya uji wake. Usiifungue njiani. Nataka nionje mwenyewe.

Bibi yako, hakuna mwingine,
Mwanakhamis