Wasomaji wa Alhamisi Alasiri

Alhamisi, baada ya Magharibi. Joto la leo halina adabu. Mawingu yalikusanyika tangu asubuhi, yakatutia matumaini, kisha yakaenda zake bila kuacha hata tone. Nimekaa barazani kwa mama hapa Bagamoyo mjini, feni imeletwa nje kwa waya mrefu, na moyo haujatulia.

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama husema nilizaliwa nimekodoa macho, namchunguza mkunga. Kwa kazi yangu si tabia mbaya. Nimesomea ukutubi, na miezi hii nimepewa kazi ya kutathmini maktaba ya kidijitali iliyowekwa katika kijiji kimoja karibu na Kerege. Jina la kijiji silitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Ukisoma mpaka chini utajua kwa nini.

Maktaba yenyewe ni kabati la vishikwambi katika chumba cha nyuma cha zahanati ya zamani. Ndani ya vishikwambi mna vitabu vya kilimo, afya, sheria na hadithi za watoto. Kila mwanachama anaingia kwa jina lake na namba yake ya siri, na mtambo unaweka kumbukumbu: nani kafungua nini, kasoma kwa muda gani. Mtunzaji ni dada mmoja mpole, Mwanahawa. Wenye mradi wanataka kujua kama watu wanasoma kweli. Ikionekana hawasomi, vishikwambi vitahamishiwa Msata na Mwanahawa atakosa kazi.

Nilipofungua kumbukumbu, nikaona mambo.

Kitabu kinachoongoza ni mwongozo wa sheria ya ardhi ya kijiji, ulioandikwa kwa lugha nyepesi. Wanawake wengi wamekifungua, lakini hakuna hata mmoja aliyekisoma chote. Kila mmoja kafungua sura moja tu, ile ile wiki baada ya wiki, na daima Alhamisi alasiri. Huyu sura ya mipaka, yule sura ya mkutano mkuu wa kijiji, mwingine haki za wanawake, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Jamani, nani anasoma kitabu hivyo?

Kilichonimaliza ni jina la Bi Tatu. Bi Tatu ni mtu mzima, msahafu anausoma vizuri sana, lakini hizi herufi za shule hazijui. Siku ya kujiandikisha alitia dole gumba mbele ya macho yangu. Naye eti ana sura yake, tena ndefu kuliko zote.

Nikasema, dalili ya mvua ni mawingu. Mwanahawa anaingia kwa majina ya watu, anabonyeza bonyeza ili maktaba ionekane hai. Nikaanza kumtazama kama ninavyomtazama muuza samaki anayewamwagia maji samaki wa jana. Jumanne nikaandika rasimu ya ripoti, nikaeleza shaka yangu, nikaambatanisha jedwali zima kuwa ushahidi: jina, sura, muda. Nikamtumia bosi Dar. Usiku ule nililala usingizi mtamu.

Leo nikaenda bila kutoa taarifa.

Chumbani hapakuwa na mtu. Kabati wazi, vishikwambi havipo, Mwanahawa hayupo. Nikajua nimemkamata. Nikafuata sauti za watu mpaka ua wa nyumba ya jirani, ambayo ni ya Bi Tatu, nikapiga hodi. Sauti zikakatika zote. Nilipoingia nikawakuta kina mama wameketi mikekani, Mwanahawa yumo, na mmoja wao anasukuma kishikwambi chini ya khanga kama mtoto aliyekutwa na kopo la sukari.

Tukasalimiana: shikamoo, marahaba, habari za mjini, mama hajambo. Kisha kila mmoja akanikazia macho. Ilinichukua muda kuelewa, kwa sababu sijazoea. Wao ndio walionishuku mimi.

"Nani kakutuma, mwanangu?" Bi Tatu akaniuliza.

Nikasema sikutumwa, nimekuja kuona wanavyosoma. Wakatazamana. Aliyenitetea ni Mwanahawa, yule yule niliyemwandika. "Dada Rukia ni wa vitabu tu, si wa ofisi ya kijiji," akawaambia. "Tuendeleeni."

Wakaendelea. Kila mmoja akarudi kwenye sura yake, anasoma kwa sauti ya chini, wote kwa pamoja, ua mzima unavuma. Jirani alikuwa akimsomea Bi Tatu, na Bi Tatu anarudia sentensi moja moja mpaka imkae.

Niliona haya. Mimi nimekulia katika hitima, Kurani nzima ikisomwa kwa kugawana. Tangu mdogo nimepewa juzuu yangu mkononi, nikasoma yangu na shangazi akasoma yake, na hitima ikatimia kwa kikao kimoja. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja mbona sikusoma juzuu zote thelathini. Leo nimewakuta watu wanaosoma vivyo hivyo, nami nilikwisha kuwaita wadanganyifu.

"Hii si hitima, hasha," Bi Tatu alisema, maana aliona ninavyotazama. "Ila kugawana tumejifunza huko."

Ndipo wakanieleza. Kuna kiwanja cha kijiji pwani, wanaanikia dagaa hapo tangu enzi za mama zao. Sasa kuna mtu kutoka Dar anakitaka, na mwenyekiti wa kijiji ana haraka ya ajabu. Mkutano ni Jumamosi.

"Akisimama mmoja akayasema yote, wataambiana huyu ndiye kichwa cha fitina, na atafuatwa mpaka kwake," Bi Tatu akasema. "Sasa sisi kila mtu ana kipande chake. Huyu akikaa, yule anainuka. Watamshika nani, wamwache nani? Na mpaka siku ya mkutano hakuna wa nje ajuaye nani atasema nini."

Kisha akakigeuza kile kishikwambi mkononi, akakitazama mgongoni. "Na hiki kidude, mwanangu, kinasema nani kasoma kipi?"

Nikamjibu kweli: kinasema. Halafu nikaongeza, "Lakini kinatuambia sisi tu, Bi. Hakuna mwingine anayeona."

Aliniamini. Wote waliniamini. Nikaletewa chai ya tangawizi na vitumbua, nikala.

Nikiwa njiani kurudi nikampigia bosi. Nikamwambia nimekosea, aifute ile rasimu, nitaandika upya. Akacheka. Ripoti nzuri, akasema, na jedwali limempendeza kupita kiasi. "Nimeshawapelekea ofisi ya kijiji jana, watoe maoni. Si ndio utaratibu?"

Ndio utaratibu. Niliuandika mimi, kwa mkono wangu, katika mpango wa tathmini: wenyeji washirikishwe. Nilipoandika wenyeji, sikujiuliza ni wepi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemshuku Mwanahawa, nimemshuku Bi Tatu na dole gumba lake, nimekishuku hata kitabu. Jedwali langu sikulishuku hata kidogo, kwa sababu lilikuwa limepangwa vizuri.

Jioni hii mwenyekiti kanitumia ujumbe. Ananishukuru kwa kazi nzuri, anasema ripoti wameisoma kwa makini. Huenda ni adabu tu ya mtu wa ofisi. Mimi sidhani.

Niseme wazi: nimeshawaza kunyamaza. Jumamosi ipite, na kila mama akiitwa pembeni na mwenyekiti kutishwa kabla ya mkutano, wamlaumu Mwanahawa, maana ndiye mwenye funguo za kabati. Hakuna ambaye angenifikiria mimi, mgeni aliyekula vitumbua. Wazo hilo lilikaa nami kitambo. Limenitisha kuliko ule ujumbe.

Kwa simu siwezi. Kesho, kabla watu hawajaanza kujiandaa kwa sala ya Ijumaa, nitakuwa kijijini. Nitamwambia Bi Tatu kwa mdomo wangu kwamba nilimdanganya bila kujua, na kwamba mwenyekiti anayo majina yao, kila jina na sura yake. Nitawaomba wagawane upya. Wa mipaka achukue ya mkutano, wa mkutano achukue ya mwenzake, na watakaoitwa pembeni waitwe kwa maneno ambayo si yao tena. Muda ni mfupi, lakini wana masikio, wamekuwa wakisikilizana kila Alhamisi. Wakinikubalia nitakaa mkekani nimsomee Bi Tatu sura yake mpya mpaka sauti inikauke. Wasiponikubalia, nitayasema hayo yote nikiwa nimesimama mlangoni, wanisikie.