Neno la Siri la Duka la Mama

Kaka,

Mimi sijambo. Cherehani ya Mama nayo haijambo, ila inanung'unika ikishona jinzi.

Juzi wateja walinipigia simu kuuliza kwa nini tovuti yetu imeandikwa "Duka linauzwa." Nikamwita fundi wa kompyuta. Akapekua, akacheka. "Dada, hapa hapajavunjwa mlango. Mtu ameingia na ufunguo."

Ufunguo ni neno la siri, na neno lenyewe lilikuwa Kikojozi, jina alilokuita Mama ulipokuwa mdogo. Tulilijua watatu tu. Mama tumemzika, na mimi siuzi. Amebaki nani?

Sikuulizi kitu. Tangazo lako nimelifuta, neno nimelibadilisha. Tena sasa hata anayelijua haingii mpaka aandike namba zinazotumwa kwenye simu yangu, na simu yangu haitoki mfukoni. Ukiwashwa na hamu ya kuuza, uza shati lako.

Wala usijisumbue kubahatisha. Neno jipya ni lile la mwisho alilotamka Mama, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Ungekuwepo, ungelijua.

Mdogo wako,
fundi wa dukani, na bado nipo