Mzaramo Kumbebea Mnyamwezi Mzigo

Mwalimu Kabula, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Umenizidi miezi minne tu ya kuzaliwa, na wewe mwenyewe hukuwahi kuniheshimu tangu siku niliyohamishiwa Tabora, nesi mgeni na ndoo yangu ya vyombo, ukanipokea uani kwa kuniuliza kama siku hizi Wazaramo wanaoga. Basi nakuandikia vilevile, bila heshima, usije ukadhani kufa kumekupandisha cheo.

Habari za hapa mtaani kwetu Isevya ni nzuri kiasi. Mumeo, Baba Maganga, amejifunza kusonga ugali, unaiva upande mmoja na anaumaliza wote kwa kiburi. Nafasi yako kwenye kwaya ameikalia yule mama mwenye sauti nyembamba, ambaye ulikuwa ukisema akianza kuimba mbwa wa mtaa mzima wanajiuliza wamekosa nini. Mumeo alikuwa hasemi. Tangu tukuzike anaitikia salamu, anashukuru kwa chakula, basi. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha, hilo na aibu yangu mimi.

Maana nililia, Kabula. Hapo najua umeshageuka upande wa pili kwa hasira. Mtani hana ruhusa ya kulia msibani. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, kumwiga marehemu, kusema yale ambayo ndugu hawathubutu kuyasema. Mimi ndiye niliyelala ndani ya kaburi la mama yako na viatu vyangu vya Idi, nikagoma kutoka mpaka wajomba zako watatu walipokiri mbele ya padri kwamba Wazaramo ni wazuri wa sura kuliko Wanyamwezi. Watu wanakumbuka mpaka leo. Kwako nilikuja nimejiandaa, miwani yako ya darasani puani na chaki mkononi, nikasimama mbele ya waombolezaji niwafundishe kama wewe. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Nililia mpaka miwani ikaanguka, na walionitegemea nao wakalia maradufu. Ilinibakia nafasi moja tu, misa ya kusimika msalaba, na imefanyika Jumamosi iliyopita. Nilikuwa na hadithi moja tu ya kutosha siku hiyo, ile uliyoniapisha nisiitoe.

Ngoja niieleze jinsi ilivyokuwa, maana nakufahamu, huko uliko umeshaipindisha.

Ulifundisha historia kwa miaka mingi, ukichora njia ya misafara ubaoni, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, vituo vyote kwa mstari mmoja. Uliporudisha funguo za ofisi ukasema huwezi kufa hujaikanyaga njia uliyoichora. Tungepanda treni mpaka Tura, kisha turudi nyumbani kwa miguu, siku tano, mabegi mgongoni. Babu yako mkuu alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi na mzigo begani, nawe ukaona damu hiyo inatosha. Mazoezi hukufanya hata ya kuzunguka uwanja wa shule. Mimi ulinichukua, ulisema, kwa sababu kila msafara ulihitaji mtu wa kupiga ngoma.

Mabegi aliyatuma mwanao Maganga kutoka Dar, makubwa, ya buluu, yana mikanda mingi utadhani tunakwenda kulima na punda. Tuliposhuka Tura watu wakatukimbilia. Walidhani tumeleta mitumba. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kukufungulia zipu akiuliza kama kuna magauni ya watoto. Na hata ungemwachia asingepata kitu, kwani begi lako ulilijaza sufuria mbili, kanga sita na ubao mdogo wa kuandikia, endapo tungekutana na wanafunzi porini.

Porini tulikutana na mbung'o. Walitung'ata kuanzia saa tatu asubuhi, walipita kwenye kanga, walipita kwenye soksi, na wewe ulisema ni damu ya Kizaramo ndiyo inayowavuta, ni tamu kwa nazi. Tukakutana na mrina asali mmoja anasukuma baiskeli. Alitutazama, akailaza baiskeli chini kwanza ili acheke vizuri. Akatueleza kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha rangi ileile ya mabegi yetu. Tulikuwa tumevaa mitego, Kabula, tunatembea nayo. Tukayafunika mabegi kwa kanga, tukawa mabibi wawili waliobeba wajukuu walioshindikana kuachishwa ziwa.

Halafu zawadi. Kila kijiji ulichofika uliamkia wakubwa, ukapokea shikamoo za wadogo, ukaeleza ukoo wako mpaka ukapata ndugu, tukapewa chakula na pa kulala. Asubuhi tukiaga tunapakiwa. Kwanza matobolwa, kikapu kizima cha viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Kesho yake karanga. Kisha dumu la asali lililovuja begani kwangu, nyuki wakanifuata kutwa nzima. Tulipofika Rubuga, binamu wa baba yako akatupa kuku. Nilikuomba tugawe vitu njiani. Ukakataa, ukasema zawadi ya mtu haigawiwi, ni matusi. Badala yake ukawa unatoa kanga zako, na kila anayepewa kanga naye anatupakia zaidi. Misafara yote iliyopita njia ile ilipunguza mzigo kadiri ilivyosogea. Wetu uliongezeka. Na mabega yalipouma ulinikumbusha kwamba enzi za babu yako Wazaramo walisimama kando ya njia wakicheza ngoma, huku wanaume wa kazi wakipita.

Siku ya nne, tulipoipita Kigwa, ulinyamaza. Nilidhani umenuna, kwa kuwa nilikuwa nimesema babu yako huenda alibeba mkeka tu. Ukakaa kwenye kisiki. Nikakuvua viatu nione malengelenge, nikabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki palepale. Nimekuwa nesi muda mrefu, Kabula. Sikuhitaji kubonyeza mara ya pili kujua kwamba ni moyo. Nikakuuliza tangu lini, ukasema tangu kabla hujastaafu, na vidonge ulikuwa navyo, umevificha kwenye boksi la chaki ili nisivione.

Nilikugombeza pale mpaka kuku akaogopa. Nilikuita majina ambayo hata kwa utani hayaruhusiwi. Nilitaka kutafuta pikipiki ikupeleke mjini, ukagoma, ukasema ukipanda pikipiki basi yote uliyowafundisha watoto wa watu yatakuwa uongo. Nikasema vizuri, leta begi.

"Mzaramo kumbebea Mnyamwezi mzigo," ukasema. "Babu zangu watatoka makaburini."

Niliubeba hivyohivyo. Begi langu mgongoni, lako kifuani, kuku kwapani, asali kichwani. Ulitembea nyuma yangu na fimbo tu, ukicheka mpaka ikabidi ukae tena. Hapo ndipo uliponiapisha mara mbili. Kiapo cha kwanza, nisimwambie mtu yeyote kuhusu mzigo, si mumeo, si jumuiya, si padri. Cha pili ulikitoa ukiwa umeinama unafunga kamba ya kiatu, hata hukunitazama.

"Na siku yenyewe ikifika usinililie. Watu wakimwona mtani analia, watajua nimekufa kweli."

Siku ya tano tulikwenda polepole mno, bibi mmoja alitupita akienda kutafuta kuni, akatupita tena akirudi nazo. Tulipoziona nyumba za kwanza za mjini ukasimama, ukajifunga kilemba upya, ukachukua begi lako. Kisha ukachukua na langu. Uliingia Isevya umebeba yote mawili, shingo juu, ukawaambia majirani kwamba Mzaramo alichoka toka Rubuga. Nikashika kiapo changu. Kesho yake nilikuburuta hospitali, na hilo nalo ukasema wewe ndiye uliyenisindikiza. Kwa miaka miwili mtaa mzima uliniita mzigo wa Mwalimu. Watoto wa shule waliniita hivyo. Nilivumilia, kwa sababu nilikuona unavyofurahi, na kwa sababu kila mara nilipokupima presha nilijua furaha hiyo haina muda mrefu.

Basi Jumamosi. Padri alipomaliza kubariki msalaba nikasimama. Nilikuwa nimeazima mabegi yote mawili kwa Maganga. Nikaomba radhi kwako kimoyomoyo, nikavaa moja mgongoni na moja kifuani, nikatoa kila kitu. Nilianzia Tura na zipu, nikaja kwenye mbung'o, nikaja kwenye asali. Nilitembea ulivyokuwa ukitembea, fimbo mbele, matako nyuma. Shangazi zako walishikana kwa kicheko. Fundi aliyekuwa ameushika msalaba kwenye saruji mbichi alicheka mpaka msalaba ukalalia upande wa mashariki, padri akamwambia aunyooshe. Nilipofika kwenye kisiki nikajifinya, nikapita. Nikawaambia ukweli mbele ya kaburi lako, kwamba Mnyamwezi, kitukuu wa mpagazi, alibebewa mzigo na Mzaramo kutoka Kigwa mpaka Tabora.

Baba Maganga alianza kama mtu anayekohoa. Nikadhani nimemuumiza. Kumbe alikuwa anacheka, Kabula, alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akajifuta macho, akaniambia mbele ya watu wote kwamba hadithi hiyo wanaijua.

Ulimwambia siku ileile, umeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Wiki ile ukawaambia jumuiya. Ukawaambia kwaya. Padri naye alikuwa anajua, nilimwona akitazama viatu vyake. Na kila mmoja ulimwapisha asinijulishe kwamba anajua. Kwa hiyo miaka miwili yote, watu waliponiita mzigo wa Mwalimu, walikuwa wanamcheka mwanamke anayetunza siri ambayo mji mzima unayo. Umenishinda, na umenishinda ukiwa chini ya udongo.

Lakini Baba Maganga hakuwa amemaliza. Alinisogelea, akasema sasa taratibu, mimi peke yangu nisikie:

"Kule wodini alituachia agizo. Siku ya kumtoa ndani, mkamateni Mzaramo, ashike jeneza. Kazi ameshaizoea."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ya mazishi kina mama wa jumuiya walikuja kunitoa kwenye mkeka, wakanipeleka sebuleni, wakaushika mkono wangu wakauweka kwenye mpini wa mbele kushoto. Mimi na mtandio wangu katikati ya rozari zao. Nilidhani wananishikiza nisianguke. Nilitembea nao mpaka getini huku nalia, sikujua kwamba nimepangiwa zamu.

Nilikaa chini palepale kwenye majani, mabegi bado mwilini, nikalia mara ya pili. Safari hii hakuna aliyelia pamoja nami. Shangazi yako mkubwa alisema mwacheni, Wazaramo habari huwafikia kwa kuchelewa, na makaburi yote yakacheka. Mumeo alinishika mkono akaninyanyua. Usiku huo, nimeambiwa, aliongea mpaka wanawe wakasinzia.

Sasa nikuage, Mwalimu. Sijui kuaga kwa maneno ya kanisani, na ya kwetu utayatania. Pumzika. Vidonge umemaliza, presha hakuna wa kukupima, na mimi nimebaki huku sina wa kumtukana asubuhi kabla ya chai. Naumia kwa hilo, nakwambia wazi, hata kama si ruhusa.

Ila kuna jambo moja sijamwambia mtu, na hili halimo katika mambo uliyoyasambaza, kwa kuwa wewe hukuwepo. Tulipohesabu moja, mbili, tatu, nilikaza mgongo nikijua mwili wako ninaoujua. Tukainua, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Ulikuwa mwepesi, Kabula. Ile miezi ya mwisho ilikuwa imekula kila kitu. Mkono wangu ndio ulioanza kujua kwamba umekufa kweli.

Hilo nitalitunza. Atakayeniuliza, hapa Isevya au njia nzima mpaka Tura, nitamwambia kwamba Mnyamwezi yule alikuwa mzito kuliko gunia la chumvi, tulitua mara tatu kabla ya kufika getini, na mabega yananiuma mpaka leo. Nakuahidi.

Mtani wako,
Mwanahamisi